Uso Aliouchora Mara Mia Mbili

Mke wangu Euphrasie alijua kuchora kwa sindano kabla hajajua kuchora kwa kalamu. Mama yake, Mama Béata, alifundisha wasichana wa Kibabi kudarizi katika nyumba ya parokia, kila Jumanne na Ijumaa alasiri: vitambaa vya meza, mashuka ya maharusi, vifuniko vya viti vyenye maua na njiwa. Wasichana wengine walikazana na mishono. Euphrasie alikazana na kile kinachotangulia mishono, yaani mchoro wenyewe.

Mchoro ule ulifanywa hivi. Unachora ua lako kwenye karatasi nyembamba, unailaza juu ya blanketi lililokunjwa, kisha unautoboa mstari wote kwa sindano, tundu baada ya tundu. Ukimaliza unaiweka karatasi juu ya kitambaa, unachukua pamba yenye bulu ya kufulia nguo, unaipitisha juu taratibu. Bulu inapenya kwenye matundu. Ukiinua karatasi, ua liko pale kwenye kitambaa, limefanywa kwa nukta tupu, na unaweza kulirudia hata mara hamsini bila kulichora upya. Mama Béata alikuwa na karatasi moja ya njiwa wawili iliyozunguka Kibabi nzima. Nadhani miaka ile hakuna maharusi ambao hawakuwalalia wale njiwa.

Mimi sikumfuata Euphrasie kwa sababu ya njiwa. Ni muziki uliotukutanisha. Mwaka 2001 mimi na rafiki yangu Floribert tulikuwa na kundi la watu wawili, tukaliita Duo Mulima. Mimi, Straton, mtoto wa mkulima wa viazi, nilipiga gita. Floribert aliimba. Papa yake alikuwa mwalimu aliyetoka Walikale, kule msituni, akaletwa kufundisha kwetu milimani na hakurudi tena. Floribert alikuwa na sauti iliyoanza chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwa watu. Ilipopanda, nyusi yake ya kushoto ilipanda nayo. Watu walimcheka kwa ajili ya nyusi ile, na walimpenda kwa ajili ya hiyo hiyo.

Tuliteremka Goma tukarekodi nyimbo nane kwa siku moja. Fundi akatutolea kaseti mia mbili. Tulipanda nazo hadi Kibabi juu ya lori la maziwa, tukikaa kati ya bidoni, yale madumu ya maziwa, tupu, tukiwa na furaha ya watu waliokwisha kufanikiwa. Nyumbani tulipozifungua ndipo tukaona: vikasha vya plastiki vyenye kaseti ndani, na mbele hakuna kitu. Hakuna pochette, ile karatasi ya mbele: hakuna picha, hakuna jina.

"Kaseti bila pochette iko kama mutu alikuja kwa lukumbi na hana jina," Floribert alisema. Lukumbi njo lile baraza letu la kukaa na wageni, na kweli, mtu asiye na jina hapewi kiti pale.

Kuchapisha mjini hatukuweza. Basi Floribert akakumbuka wale njiwa, na Ijumaa ile tukaenda nyumba ya parokia.

"Dada Euphrasie," alisema, "unaweza kutuchora sisi wawili kwa karatasi ndogo, ya vidole tatu hivi?"

"Mara ngapi?"

"Mara mia mbili."

Wasichana wote wakacheka. Euphrasie hakucheka. Alitutazama kwa zamu, kama mtu anayepima shamba.

"Na mutakaa?" aliuliza.

"Kukaa namna gani?"

"Kukaa tu, niwaangalie. Ua haikimbii. Lakini nyinyi mutakimbia."

Tulikaa alasiri tatu. Alitutaka tupige na kuimba kama tunavyofanya sokoni, kwa sababu alisema mtu aliyekaa kungoja kuchorwa ana uso wa mtu anayengoja daktari. Alichora, akafuta, akachora tena. Alipomaliza akaanza kutoboa, na nakumbuka sauti ya ile sindano ndani ya blanketi, laini, kama mtu anayekula kitu kikavu taratibu.

Floribert alitokea uso mzima chini ya kofia yake ya sufu, mdomo wazi, nyusi juu. Mimi nilikuwa nimeinama natazama nyuzi. Kwangu palionekana paji la uso, pua, na gita. Gita lilichorwa vizuri sana. Hata vile vifunguo sita vya kukazia nyuzi vilihesabika.

Kazi ya kurudia ilichukua wiki tatu. Tulikata karatasi ngumu kutoka mafaili ya zamani ya shule. Alipitisha bulu kavu, akafuata nukta kwa biki, kisha akapaka rangi kwa mkono: kijani kwa mlima, nyekundu kwa shati la Floribert. Kijani kilipokwisha katikati ya kazi, milima ya kaseti themanini za mwisho ikawa ya bluu, na watu wakadhani kuna toleo la pili. Mimi nilikwenda kila siku kukata karatasi. Floribert alikuja pia, akaimba chini chini ili kumchekesha, na Euphrasie akamwambia anyamaze kwa sababu nyusi inamsumbua. Walicheka sana wale wawili. Mimi nilikata karatasi.

Kaseti zilikwenda. Zilisikika Kibabi sokoni, zikapanda hadi Burungu kwa wafugaji, zikapigwa ndani ya malori ya maziwa. Watu walizishika mkononi, wakazigeuza, wakasoma majina. Niliona pochette yetu imebandikwa ukutani kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, kando ya kalenda ya parokia. Floribert alianza kutambuliwa mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. "Weye njo ule wa nyusi!" walimwambia. Mimi hawakunitambua popote, mpaka niiname.

Mwaka uliofuata mjomba wake alimwita Walikale. Kulikuwa na kazi ya machimbo, na vijana wengi walikuwa wanaingia msituni wakati ule. Alisema miezi sita. Tulimsindikiza mpaka njiani, mimi na Euphrasie, asubuhi yenye ukungu mzito hivi kwamba alipotoka hatua ishirini tu hatukumwona tena. Tulisikia tu anaimba kwa mzaha, ili tucheke. Hatukuwa na simu, yeye wala sisi. Baada ya mwaka tukasikia ameoa huko. Baada ya miwili, mimi na Euphrasie tukafunga ndoa katika kanisa la Kibabi, na juu ya kitanda chetu kukawa na njiwa wale wale.

Kisha vikaja vita ambavyo kila mtu wa kwetu anavijua. Tulikimbia Kibabi mara mbili. Mara ya kwanza tulirudi. Mara ya pili hatukurudi. Tulifika Lushebere, tukakaa kambini chini ya hema miaka miwili, halafu tukapata kipande cha shamba na nyumba ya mbao hapo hapo karibu. Katika kukimbia tulichukua sufuria, blanketi moja, na mtoto wetu Laetitia mgongoni. Gita lilibaki. Kaseti zilibaki. Ile karatasi ya matundu, ambayo Euphrasie alikuwa ameitunza ndani ya kitabu cha sala, ilibaki pamoja na kitabu chenyewe. Nimewauliza watu wengi kama wana hata kaseti moja ya Duo Mulima. Hakuna aliye nayo.

Hapo Lushebere Euphrasie alianza upya kidogo kidogo. Aliandika majina kwenye vitambaa vya kwaya, akachora alama ya chama cha akina mama wa shamba, akachora ng'ombe kwenye mlango wa muuza fromaji, jibini la kwetu. Miaka ikapita, Laetitia akaenda kusoma Goma, na likizo moja akarudi na tableti iliyopasuka pembeni. Alimwonyesha mama yake jinsi ya kuchora juu ya kioo. Euphrasie alicheka kama msichana alipoona anaweza kufuta bila kuchafua karatasi.

Tangu hapo pochette zilimrudia. Wanamuziki wa siku hizi hawana kaseti, lakini wimbo wao ukienda kwenye simu unahitaji picha ya pembe nne, na wengi hawana mtu wa kuwatengenezea. Ni watu wanaorekodi wenyewe, wanauza wenyewe, wanajisifu wenyewe: kwaya ndogo, vijana wa rap wa Masisi, mzee mmoja mpiga akordeoni ambaye kila mwaka husema huu ndio wimbo wake wa mwisho. Euphrasie husikiliza wimbo mara tatu bila kushika kalamu. Kisha huuliza swali moja: "Uko naona nini wakati uko naimba?" Wengine husema wanaona Mungu. Wengine husema ukweli.

Kiangazi cha mwaka 2022, msichana mmoja alisimama mlangoni kwetu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikuwa na begi mgongoni, na mkononi bidoni ndogo ya mawese na samaki wa kukaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye majani. Alikuwa ametoka Walikale, siku tatu, kwa pikipiki na kwa miguu pale pikipiki iliposhindwa, akalala Nyabiondo kwa masista, ndio waliomwelekeza kwetu.

"Odi. Niko natafuta Mama Euphrasie, binti ya Mama Béata wa Kibabi."

"Njo miye. Karibu, mwanangu. Keti kwanza, upate maji."

Alikunywa maji yote, akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Jina yangu Plamedi. Miye mutoto ya Floribert, ule wa Duo Mulima."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko. Nilikaa. Nadhani nilikaa juu ya viazi.

"Floribert iko?" Euphrasie aliuliza, ingawa sauti ya mtoto ilikuwa imekwisha kumjibu.

"Papa alikufa mwaka tatu sasa. Tumbo. Tulimupeleka hospitali, lakini tulichelewa."

Euphrasie alimshika mkono, akaendelea kuushika. Mimi nilitoka nje nikasimama upande wa shamba, nikatazama viazi vyangu bila kuviona. Miaka ishirini nilikuwa nimejiwekea mambo ya kumwambia yule mtu. Niliporudi ndani, Plamedi alikuwa anaeleza kilichomleta.

Alikuwa amerekodi nyimbo tano Walikale, katika chumba chenye kompyuta moja na magodoro ukutani ya kuzuia kelele. Kijana mmoja mjini alimtengenezea pochette. Alituonyesha kwenye simu. Kulikuwa na moto, na simba, na katikati msichana mweupe kama unga wa muhogo.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Njo miye, Papa," alisema kwa aibu. "Alinipausha. Nilimuambia anirudishe rangi yangu, akasema hivi njo watu wanapenda." Alizima simu. "Papa alikuwa anasema, siku utatoa nyimbo zako, tafuta Euphrasie. Atakuchora vile uko."

Wimbo wake mkubwa uliitwa "Ndege Inashuka". Kule kwao kuna kipande cha barabara ya lami ambapo ndege hutua, kwa sababu pembeni ni msitu tu. Ndege ikisikika, watu hutoka barabarani, wenye mizigo hujibanza pembeni, watoto hukimbia kuondoa mbuzi. Plamedi alikuwa mmoja wa watoto wale. Aliimba bila chombo, pale mlangoni kwetu, jua likimpiga bega moja. Sauti haikuwa ya Floribert hata kidogo. Ilikuwa nyembamba na ngumu, imenyooka. Lakini alipofika pale ndege inapoonekana juu ya miti, nyusi yake ya kushoto ilipanda.

Euphrasie alisikiliza mara tatu. Kesho yake alimweka kwenye kigoda mlangoni, akachukua tableti, akaanza. Alichora haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Mimi nilikuwa nyuma yake nachagua maharagwe, na nilipoinua macho nikamwona Floribert. Nasema kweli. Shingo ilikuwa ya msichana, nywele zilikuwa za msichana, lakini aliyenitazama kutoka kwenye kile kioo alikuwa rafiki yangu wa Kibabi, umri wa miaka ishirini na minne, anataka kuanza ubeti.

Euphrasie aligeuza kioo kumwonyesha Plamedi.

"Mama," alisema polepole, "huyu haiko miye. Huyu njo Papa."

Euphrasie alifuta. Alichora tena, safari hii taratibu, akimtazama mtoto kila mstari. Akatokea Floribert. Alifuta, akachora mara ya tatu. Floribert. Akaweka kalamu chini, akauficha mkono ndani ya kitenge kama mtu aliyeungua.

"Mukono inaenda yenyewe," alisema. "Nilifanya ule uso mara mia mbili. Inajua njia kupita miye."

"Usiifute hiyo ya tatu," Plamedi aliomba. "Kwetu hatuna hata picha moja ya Papa akiwa kijana. Maliza, nipelekee Mama." Kisha akainamisha kichwa. "Lakini pochette, Mama, nisamehe... Kule kwetu kila mutu ananiita mutoto ya Floribert. Njo juu ya hii nilikuja mbali. Nataka mutu mumoja tu anione miye."

Jioni ile tulikula maharagwe, viazi na fromaji, na Plamedi, ambaye hakuwahi kuonja fromaji ya Masisi, alitafuna kwa heshima na uso wa mtu anayemeza dawa. Tulicheka. Lakini mimi sikuwa na raha. Kitu cha zamani kilikuwa kimeamka ndani yangu, kitu nilichodhani kilibaki Kibabi pamoja na gita.

Asubuhi, Plamedi alipokwenda kisimani, nilimkuta Euphrasie uani anapepeta mbegu za maharagwe.

"Mama Laetitia. Ulimupenda Floribert?"

Hakuacha kupepeta. "Kidogo. Kila musichana ya Kibabi alimupenda kidogo."

"Siulizi juu ya zamani. Niko nauliza juu ya mukono. Miaka makumi mbili haujamuona, na unamuchora bila kumutafuta. Miye niko hapa kila siku. Ukitaka kunichora, lazima uniambie niketi."

Hapo aliweka ungo chini. Alinitazama, na nilijua anatazama kweli, kama alivyonitazama katika nyumba ya parokia.

"Papa Laetitia, uso ya Floribert ilisimama," alisema. "Siku ile aliingia mu ukungu, ilisimama pale pale. Haikuongeza hata mukunjo moja. Ya kwako haijasimama. Jana ilikuwa ingine, leo iko ingine. Nikifunga macho ninakuona weye wote: ule wa kukata karatasi, ule wa kambi, ule alikuwa na malaria akalia kama mutoto, na huyu wa leo asubui mwenye wivu. Sasa nichore nani?"

Niliokota maharagwe yaliyoruka kutoka kwenye ungo, moja moja, nikamrudishia, na nilipomaliza yale niliendelea kutafuta mengine ambayo hayakuwepo.

Siku hiyo hakuchora. Wala ya pili yake. Alimwambia Plamedi asiimbe, kwa sababu akiimba ni papa yake anayetoka. Alimpa kazi. Plamedi alimenya viazi, alisuka nywele za binti wa jirani, aligombana na jirani mwenyewe kuhusu namna ya kupika sombe, yale majani ya muhogo, akashinda ugomvi. Euphrasie alikaa karibu, mikono mitupu, akamtazama. Usiku aliniambia gizani mambo aliyoyaona, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya thamani: kabla ya kusema jambo zito, Plamedi huuma mdomo wa chini upande mmoja. Kichwa chake huegemea kulia kidogo, bila shaka kwa kubeba bidoni ya maji tangu utotoni. Akicheka, pua hutangulia.

Siku ya tatu aliomba karatasi nyembamba na sindano.

"Na tableti?" nilimuuliza.

"Tableti inakimbia. Mukono inapata nafasi ya kunidanganya. Sindano, kila tundu lazima nikubali miye mwenyewe."

Alichora kwa kalamu, polepole, akilaza karatasi juu ya blanketi letu. Kisha akampa Plamedi sindano nyingine, akamwonyesha jinsi ya kuishika imesimama wima, na wakatoboa pamoja, mmoja upande wa uso, mwingine upande wa barabara. Nilikaa nao. Sauti ile ndani ya blanketi ilikuwa ile ile. Kwa kitambo nilisahau mwaka, nikangoja mtu wa tatu aanze kuimba chini chini.

Euphrasie alipitisha bulu. Alipoinua karatasi, kulikuwa na barabara iliyonyooka kati ya kuta mbili za msitu, na msichana anavuta mbuzi asiyetaka kutoka barabarani. Msichana amegeuka kutazama juu. Kichwa kimeegemea kulia, anauma mdomo upande mmoja. Ndege yenyewe haipo. Ipo kwenye macho yake. Na nyusi zote mbili zimelala mahali pake.

Plamedi aliitazama, akaiinua karibu na uso.

"Huyu mbuzi ninamujua," alisema, akaanza kulia. Alilia sana. Safari ya siku tatu, vumbi, papa yake, vyote vilitoka pale. Euphrasie hakumwambia anyamaze. Alisogeza tu picha pembeni, machozi yasiguse bulu.

Waliipiga picha kwa simu, mlangoni, kwenye mwanga wa saa nne. Euphrasie aliandika jina kwa mkono chini: PLAMEDI. Hakuongeza kitu. Kabla msichana hajaondoka, alimalizia pia ile picha ya Floribert, bila kofia, akaihamisha kwenye karatasi nzuri, Plamedi akaikunja ndani ya kitabu apelekee mama yake.

Wimbo ulizunguka. Si sana kama nyimbo za mjini, lakini Walikale waliupenda, na sisi huku tuliusikia. Siku moja sokoni Masisi, mwanamke muuza kitunguu alikuwa anausikiliza kwenye simu, na Euphrasie akamwomba amwonyeshe. Pochette ilikuwa ndogo kama ukucha. Barabara haikuonekana, mbuzi alikuwa doa. "Zamani ulikuwa unaishika kwa mukono," Euphrasie aliniambia tukirudi, "unaigeuza, unaona jina ya mupiga gita." Nikamwambia mpiga gita mwenyewe hakuonekana. Akacheka mpaka akasimama njiani.

Mwezi mmoja baadaye tulipata ujumbe wa sauti kutoka Walikale. Haikuwa sauti ya Plamedi, ila ya mama yake. "Mama Euphrasie, jambo. Miye Bénédicte, bibi ya marehemu Floribert. Picha ilifika. Aksanti sana. Lakini sikio haiko yake. Floribert alikuwa na sikio ya kushoto imekatika kidogo chini, alizaliwa hivyo. Na zilikuwa kubwa, masikio yake. Kubwa sana."

Tulitazamana. Kibabi kuna baridi. Floribert alivaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, kiangazi na masika, kanisani tu njo alikuwa anaivua, na kanisani yeye alikaa na kwaya, mbele, mbali. Miaka yote ile hatukuwahi kuyaona masikio yake vizuri, wala mimi niliyelala naye chumba kimoja Goma. Ilibidi mwanamke wa msituni, kwenye joto, atuambie.

Euphrasie alimwomba Mama Bénédicte aeleze. Walitumiana sauti siku nne, asubuhi na jioni. Kubwa kiasi gani? Zimelala au zimesimama? Pale palipokatika, ni kama kucha ya kidole kidogo au zaidi? Mwishoni hawakuwa wanazungumza masikio tena. Walikuwa wanaulizana kuhusu watoto, mvua, bei ya chumvi. Lakini sikio lilichorwa, likatumwa. Jibu lilikuja kesho yake, fupi: "Njo yeye. Sasa anasikia."

Mwaka jana Plamedi alitoa nyimbo nyingine, na pochette haikutoka kwetu. Alikuwa amefika Kisangani, akapigwa picha na mpiga picha wa kweli, gauni la kijani, ukuta mweupe nyuma yake. Alituma kwetu kwanza kabla ya watu wengine, na alieleza sana, akaomba radhi mara mbili. Euphrasie alikasirika kidogo, kwa siku moja hivi, akasema hajakasirika. Kisha nikamkuta ameketi mlangoni na simu, ameikuza picha kwa vidole viwili.

"Amenona," alisema. "Kule wanamulisha muzuri."

Alinipa nitazame, akaingia ndani kuwasha moto, kwa sababu kwaya ya Burungu ilikuwa inakuja saa nane kuchorewa pochette na hakuna aliyekuwa amemenya viazi.